Mota ya Pampu Ikifa, Soma Kibati Kabla ya Kwenda Dukani



Barua ya juma hili imetoka kwa mama mmoja wa Nyali. Mota ya pampu ya bwawa lao la kuogelea imekufa, maji yameanza kugeuka kijani, na wajukuu wanatarajiwa likizoni baada ya siku kumi. Fundi wa kwanza amemshauri anunue mota ya nguvu za farasi 2 mahali pa ile ya 1, ili isiungue tena. Fundi wa pili asema ya zamani isukwe upya. Naye mwanawe aliyeko Jeddah ameahidi kumletea mpya kutoka huko. Mama auliza amsikilize nani.

Kwa sasa asimsikilize yeyote kati yao, maana hakuna aliyemweleza mota ilikufa kwa nini. Ikiwa inanguruma bila kuzunguka, huenda kilichoharibika ni kapasita tu, kile kikopo kidogo cha kuianzishia mwendo, ambacho bei yake ni sehemu ndogo sana ya bei ya mota. (Kapasita hubaki na umeme hata baada ya swichi kuzimwa, ni kazi ya fundi, si ya kijana wa nyumbani mwenye bisibisi.) Ikiwa ilikuwa ikipiga kelele ya kusaga kwa majuma kadhaa, hizo ni beringi, nazo hubadilishwa. Lakini ikiwa imetoa harufu ya kuungua, na kipimo cha fundi kinaonyesha kuwa umeme unavuja kutoka kwenye koili hadi kwenye mwili wa mota, hapo kweli imekufa. Na hata hapo atazamwe muuaji. Kwetu pwani aghalabu huwa ni sili iliyochoka baina ya pampu na mota: maji hupenya tone kwa tone, yakafuata shafti hadi ndani. Ukifunga mota mpya juu ya sili ya zamani, umeipeleka katika kaburi lile lile.

Sasa tuje kwenye ushauri wa farasi wawili, ambao ndio unaowagharimu watu wengi zaidi. Kinachoamua kazi katika pampu si mota, bali ni impela, kile kigurudumu chenye mapezi kinachosukuma maji. Mota kubwa ikifungwa kwenye impela ile ile huzunguka kwa kasi ile ile takriban, na maji yatokayo ni yale yale. Umenunua nguvu ambayo haina mzigo wa kubeba. Na ukibadilisha impela pia, iwe kubwa, utakutana na mabomba yako ya zamani: msuguano ndani ya bomba hupanda kwa kasi kuliko mtiririko, hivi kwamba ukizidisha maji mara mbili, msuguano huzidi karibu mara nne. Na chujio la mchanga likisukumiwa maji mengi kuliko kipimo chake hupitisha uchafu badala ya kuuzuia. Kosa la upande wa pili ni baya zaidi: mota ndogo kuliko impela itabeba mzigo usio wake hadi iungue.

Hebu tupige hesabu. Bwawa la mita 8 kwa 4, lenye kina cha wastani cha mita moja na nusu, lina maji lita 48,000. Pampu itoayo lita 8,000 kwa saa huyazungusha yote kwa saa 6, tangu baada ya alfajiri hadi adhuhuri haijaingia. Kwa bwawa la familia, hilo latosha siku nyingi. Mota ya farasi 1 hutoa kilowati 0.75 kwenye shafti, lakini hunywa kama kilowati 1.1 kutoka kwenye waya. Kwa saa hizo 6 ni takriban yuniti 6.6 kila siku, karibu 200 kwa mwezi. Atakaye kulipa zaidi ya hapo awe na sababu.

Kwa hivyo kanuni ni kusoma kile kibati kilichobandikwa ubavuni mwa mota. Kipigwe picha ya simu kabla kutu haijakila. Kinachotakiwa ni volti, mizunguko ya umeme (imeandikwa Hz), fezi moja au tatu, kasi, na nguvu. Kwenye nguvu kuna mtego: mota nyingi za Ulaya huandika P1, umeme unaoingia, na P2, nguvu inayotoka kwenye shafti. Muuzaji akilinganisha P1 ya moja na P2 ya nyingine atakuuzia isiyolingana, labda bila hata kujua. Linganisha P2 kwa P2. Kisha ipimwe shafti: unene, urefu, na kama ina nyuzi za skrubu. Namba kama 71 au 80 kwenye kibati huonyesha urefu wa katikati ya shafti kutoka kitako, kwa milimita.

Zawadi ya Jeddah ndiyo inayonitia hofu. Umeme wetu ni volti 240 na mizunguko 50, na wa Omani na Imarati ni mizunguko 50 vilevile. Saudia wanatumia 60. Mota iliyotengenezewa 60 pekee ikiletwa Mombasa itazunguka polepole kwa karibu sehemu moja ya sita, nguvu ya kusukuma maji itashuka hadi kama saba ya kumi, na juu ya hayo itapata joto kupita kiasi. Kijana atazame kibati. Kikisema 50/60 Hz, ailete kwa furaha.

Kuhusu kusuka upya, sikatai. Mafundi wetu wanaoijua kazi hiyo wapo. Ila kwa mota ndogo ya farasi 1, malipo ya kazi nzuri yanaweza kukaribia bei ya mpya, na ikiwa shafti imeliwa na chumvi sioni faida. Chagua mpya yenye alama ya IP55, iliyozibwa dhidi ya vumbi na maji ya kurushwa. Na pipa la klorini liondolewe katika chumba cha pampu. Mvuke wake hula chuma na shaba usiku na mchana.

Jambo ambalo sitakubali lipuuzwe ni waya wa ardhi, wa kijani na manjano, au kijani kitupu katika nyumba za zamani. Mafundi wenye haraka huuacha ukining'inia, kwa kuwa mota huzunguka bila huo. Watakaokuwa majini ni watoto. Mama asimame hapo auone umefungwa, na pampu iwe na swichi inayokata umeme ukivuja kwa miliampea 30, iliyojaribiwa kwa kubonyeza kitufe chake siku hiyo hiyo.

Kabla ya kuwasha mara ya kwanza, kikapu cha pampu kijazwe maji hadi juu na kifuniko kikazwe. Sili mpya ikizunguka kavu, dakika chache tu zatosha kuiharibu.