Soko la mtaa lisipangwe bila wenye meza

Jumapili asubuhi, tarehe 27 Januari 2013, soko kuu la Bujumbura liliteketea. Vifaa vya zimamoto havikutosha, hata ikabidi msaada wa helikopta utoke Rwanda. Wakati huo mali ilikuwa imekwisha kuungua. Wengi walibaki na deni la benki na funguo za vibanda ambavyo havipo tena.

Biashara haikufa, ilihama. Iliingia Ruvumera kule Buyenzi, ikaingia Jabe, Kamenge na Kinama, na baadaye soko jipya ambalo watu wanaliita Kwa Siyoni. Masoko hayo yalikuwa ya mtaa: nyanya, ndagala, mawese, unga wa muhogo. Ghafla yakabebeshwa vitenge, mitumba, simu na wateja wa jumla kutoka Uvira. Njia zikajaa meza, na meza zikafuatwa na maturubai. Moto ukizuka leo katika soko la namna hiyo, gari la zimamoto litapita wapi?

Anayevuka Gatumba analijua tatizo hili kwa miguu yake. Zamani alimaliza manunuzi chini ya paa moja. Sasa anazunguka masoko matatu kabla mpaka haujafungwa. Machi 2022 baiskeli, pikipiki na bajaji zilipigwa marufuku katikati ya jiji. Baiskeli ndiyo lori la mchuuzi mdogo, kwa hiyo mtaa ukawa muhimu kwake kuliko jiji.

Ndiyo maana mitaa hiyo inastahili kupangwa, na kupangwa pamoja na wanaoishi humo. Dar es Salaam ilishalipa ada ya somo hili. Machinga Complex ilijengwa Ilala kwa fedha nyingi ili wachuuzi waondoke barabarani, lakini kwa miaka mingi sehemu kubwa ilikaa tupu, kwa kuwa mteja hapandi ghorofa kutafuta soksi. Wachuuzi wangeulizwa mapema, wangelisema hilo bila kulipwa ushauri wowote.

Buyenzi hakuna uhaba wa washauri wa aina hiyo. Ni mtaa wa Waswahili tangu enzi ya Wabelgiji, wenye barabara za namba, gereji, misikiti na mama lishe wanaojua saa ambayo kila barabara hujaa. Wao wanajua maji ya mvua yanasimama wapi na choo kipi hufungwa mchana. Mchoro wa mhandisi hauonyeshi hayo. Ni kweli, wakiitwa kila mmoja atatetea meza yake, na mikutano itakuwa ya kelele. Kelele ya mkutano ni nafuu kuliko kubomoa alfajiri watu wakiwa wamelala.

Manispaa, viongozi wa masoko na wakazi wanaweza kuanza na mambo machache: njia ambayo haitawekwa meza hata sikukuu, bomba la maji kwa ajili ya moto, waya za umeme zisizoungwaungwa. Wafanyabiashara wa Uvira nao waitwe, kwani Kongo imo katika Jumuiya tangu 2022 na fedha zao zinalisha masoko haya. Swali lao la kwanza linajulikana: mpaka ukifungwa kabla hawajafika, mzigo utalala wapi, na nani atautolea risiti?