Tone la Maji ya Kidimbwi

Wengi wanaochungulia maji ya kidimbwi kwa hadubini mara ya kwanza husema: hamna kitu. Kumbe wamo viumbe tele, ila miili yao ni miangavu kama maji yenyewe, nayo nuru hupita ndani yao bila kufifia. Tangu zamani wataalamu huwatia rangi ili waonekane. Lakini nyingi za rangi hizo huwaua. Nasi twataka kuujua mwenendo wa kilicho hai, si sura ya maiti.

Aliyefumbua fumbo hilo ni Mholanzi Frits Zernike, wa chuo kikuu cha Groningen, katika miaka ya 1930. Nuru ipitayo ndani ya kijidudu huchelewa kidogo kuliko ile ipitayo majini tu, wala jicho la mtu halitambui kuchelewa huko. Basi Zernike alitumia pete mbili: moja ya kupitisha nuru chini ya tone, ya pili ndani ya lenzi iliyo juu yake. Kwa pete hizo, kuchelewa kwa nuru hugeuka kuwa giza na mwanga. Mwaka 1932 aliwaonyesha wenye kiwanda cha Zeiss, mjini Jena, wasimjali sana. Mwaka 1953 akapewa tuzo ya Nobel ya fizikia.

Sasa tueleze namna ya kuanza. Chota maji kwa kopo lililofungwa kwenye fimbo, pamoja na majani yaliyooza, maana ndiko viumbe hukusanyika. Usiingie majini, wala usiyaguse kwa mikono mitupu: katika vidimbwi vya nchi zetu huweza kuwamo vijidudu vya kichocho, ambavyo hupenya ngozi.

Weka tone dogo juu ya kioo, ulifunike kwa kijioo chembamba. Tone likiwa nene, sura huvurugika. Anza na lenzi ya kukuza mara 10, na pete ya chini iliyo sawa na lenzi hiyo. Kisha ondoa lenzi ya jicho, uchungulie ndani ya bomba: utaona pete ya nuru na pete nyeusi. Zungusha skrubu polepole, hata ile ya nuru iingie yote ndani ya nyeusi. Wenye haraka hushindwa hapa, kwa kuwa pete zikipishana, picha hufifia.

Rudisha lenzi, ukatazame. Paramesi huogelea kwa vinyweleo vyake. Ndani yake mna kifuko kinachojaa maji, kikajikaza na kuyatoa nje, kisha kikajaa tena. Kifuko hicho kikikoma, maji yangemjaa hata apasuke. Mfu hawezi kukuonyesha kazi hiyo. Basi shika saa, uhesabu vipigo vyake kwa dakika tano, uviandike daftarini pamoja na picha uliyoichora kwa mkono wako.