Swali lisilo na jibu nyuma ya kitabu
Safu ya Mizani, na Neema Kingu

Mwanafunzi wa PCM (fizikia, kemia na hisabati) akitaka kujua kama ameiva katika fizikia, hujipima kwa wingi wa maswali magumu aliyoyamaliza. Sibezi mazoezi hayo. Kitabu cha Mrusi Igor Irodov, chenye maswali karibu 1,900, kimewanoa kwa miaka mingi vijana wa India wanaowania nafasi katika vyuo vya teknolojia vya IIT. Anayelikabili swali la aina hiyo peke yake hana pa kujificha, kwani lazima aamue mwenyewe kanuni ipi inahusika na jambo gani lipuuzwe. Ila uamuzi huo hufanyika mara moja tu. Akishaonyeshwa njia, iwe tuisheni au kwenye daftari la aliyemtangulia, swali lilelile linapima kumbukumbu, hata likiendelea kutisha kwenye karatasi. Ndiyo maana idadi ya maswali yaliyofanywa hainishawishi.

Hapa Singida kipimo kingine kinavuma mlangoni: upepo. Mwanafunzi aliyekariri atakwambia upesi kwamba kasi ya upepo ikiongezeka mara mbili, nguvu yake huongezeka mara nane. Muulize kwa nini nane, si nne. Aliyeelewa ataeleza kwamba kila kilo ya hewa sasa inakuja na nishati mwendo mara nne, na kwa muda uleule hewa inayopita kwenye mapanga ya mtambo wa umeme imekuwa mara mbili. Kisha muulize kama upepo wa kasi hiyohiyo ungezalisha umeme sawa Singida na Dar es Salaam. Hakuna namba aliyopewa. Inambidi akumbuke kwamba mji wetu uko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,500, ambako hewa ni nyepesi kwa kama asilimia 15, na umeme hupungua kwa kiasi hichohicho. Chanzo ni kilekile kinachofanya maji yetu yachemke karibu nyuzi 95, na maharage yakawie kuiva. Akiweza kuunganisha sufuria na panga la mtambo, huyo ameelewa.

Walimu watasema mtihani wa taifa hauulizi hivyo, na darasa lililojaa halina muda wa kumsikiliza kila mmoja. Hoja ya muda ni nzito, lakini swali moja la namna hii kwa wiki, likijadiliwa kwa vikundi, halihitaji maabara wala kitabu kipya. Kuhusu mtihani, anayejua kanuni ilikotoka hababaiki swali likigeuzwa. Na tunao mfano wa Erasto Mpemba, ambaye mwaka 1963, akiwa kidato cha tatu katika shule ya sekondari Magamba, aliona maziwa ya moto yakiganda kabla ya ya baridi. Aliambiwa amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa shule ya Mkwawa, Iringa, alimuuliza swali hilo mwanafizikia Denis Osborne wa chuo kikuu cha Dar es Salaam, ambaye alikwenda kulipima, na mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja. Wanafizikia wanabishana hadi leo. Watafiti wa Uingereza waliorudia majaribio mwaka 2016 hawakuona ushahidi wa kutosha, wakaonyesha kuwa kusogeza kipimajoto kidogo tu juu au chini kunaweza kubadili matokeo. Swali hilo ningelipeleka kidato cha tano kesho asubuhi, pamoja na vikombe viwili, kipimajoto, na ruhusa ya kubishana na mwalimu.