Modeli ya Jiolojia Si Picha ya Chini ya Ardhi

Leo sitaongea habari za simu wala programu mpya za kupakua. Nimeudhika, nitaeleza kwa nini, na katikati ya hasira zangu mtapata ushauri wa kazi kwa yeyote anayetaka kujaribu programu za kuchora miamba iliyo chini ya ardhi.

Wiki iliyopita mama mmoja jirani yetu kule Kivaa alinitumia picha kwa simu. Aliletewa na vijana wanaomtafutia mahali pa kuchimba kisima kirefu. Picha tamu kweli: ardhi imekatwa kama keki, juu kahawia, katikati manjano, chini kijivu, na ndani ya ile manjano umepita utepe wa buluu ulioandikwa MAJI. Akaniuliza, "Mwanangu, wewe ndiye umesomea kompyuta. Haya ni ya kweli?" Nikamwambia awaulize jambo moja tu: picha imetokana na visima vingapi, na vingapi kati yao vilitoka vikavu? Jibu aliloletewa ni kwamba kompyuta ndiyo iliyokokotoa.

Jamani! Kompyuta haijawahi kushika nyundo ya jiolojia. Kompyuta hurudisha ulichoipa, imekipaka rangi.

Kabla hamjasema najifanya mjuaji, acheni nikiri. Picha kama hiyo niliwahi kuichora mimi mwenyewe, ya shamba letu. Bwawa la Masinga, lililokamilika mwaka 1981 kwenye Mto Tana, haliko mbali nasi, lakini nyumbani maji yalikuwa yakija kwa punda na mitungi. Familia ikaamua kuchimba. Nilikuwa nimemaliza digrii ya sayansi ya kompyuta, kichwa kimejaa Python, nikajitolea kuwatengenezea modeli. Nilipata rekodi za visima 11 vya eneo hilo, nyingine zikiwa karatasi zilizopigwa picha kwa simu, nikaziingiza, na baada ya jioni mbili nikawa na ardhi yetu inayozunguka kwenye skrini. Modeli ilisema mwamba uliooza, yaani ule uliolainika na kupasuka kiasi cha kuhifadhi maji, unashuka hadi mita 60. Mama alikuwa akiwaonyesha wageni ile picha kama picha ya harusi.

Mwamba mgumu ulianza mita 18. Walichimba hadi mita 140 na kilichotoka juu ni vumbi jeupe. Ng'ombe watatu na mkopo wa sako wa mjomba viliingia kwenye lile shimo. Hakuna aliyenilaumu, na hilo ndilo lililoniuma zaidi, kwa maana walidhani kompyuta ndiyo iliyokosea.

Haikukosea. Ilifanya kazi niliyoituma. Nilitumia GemPy, programu huria iliyoandikwa kwa Python katika Chuo Kikuu cha Aachen, Ujerumani. Ni programu nzuri na bado naitumia. Lakini ijueni tabia yake: ukiipa pointi mbili za mpaka wa tabaka na kipimo kimoja cha mwinamo, inakuchorea tabaka zima, kona hadi kona, laini kama shuka lililopigwa pasi. Haikuulizi, "Una hakika?" Haiwezi kuuliza. Wala msidhani programu za kulipia, kama Leapfrog, ni malaika. Zina vitufe vizuri zaidi, lakini pasipo data nazo zinakisia vilevile.

Hesabu za kukisia namna hii zina asili ya Afrika, jambo ambalo watu wengi hawalijui. Danie Krige, mhandisi wa migodi wa Afrika Kusini, aliandika tasnifu yake mwaka 1951 kuhusu kukadiria dhahabu ya Witwatersrand, na Mfaransa Georges Matheron akaijengea nadharia na kuipa jina lake, krigini. Uzuri wa krigini ni kwamba hutoa namba mbili: kisio, na kiasi cha shaka katika kisio hilo. Ile ya pili ndiyo watu wetu wanaificha mteja asiione. Ukiona modeli isiyoonyesha shaka popote, ujue kuna mtu ameiondoa, au hakuitafuta kabisa.

Basi haya ndiyo niliyojifunza kwa gharama ya ng'ombe.

Anza na koordineti. Ramani za zamani za Kenya, zile za kipimo cha 1:50,000, zimejengwa juu ya datamu iitwayo Arc 1960. Simu yako inatumia WGS84. Ukichanganya hizo mbili, pointi inahama kwa karibu mita 300. Mita 300! Kule kwetu hiyo inakuvusha shamba zima na kukuingiza kwa watu wengine. Katika QGIS, data ya zamani ya eneo letu ipe namba EPSG:21037, ya GPS ipe EPSG:32737, halafu ibadilishe ya kwanza ifuate ya pili kabla hujafungua programu ya modeli. Nilipokagua faili yangu baada ya maafa, visima vinne kati ya 11 vilikuwa vimesimama mahali ambapo havikuwahi kuchimbwa. Na angalieni ukanda: Kivaa iko kusini ya ikweta, ukanda wa 37 Kusini. Ukichagua 37 Kaskazini, kisima chako kinatua karibu na Ncha ya Kaskazini. Angalau kosa hilo linachekesha na unaliona mara moja. Lile la mita 300 halionekani.

Vipimo vya kina navyo vitazame. Rekodi za wakati wa mkoloni ziliandikwa kwa futi. Kisima cha futi 200 ni mita 61, na ukikiingiza kama mita 200 programu itameza bila kukohoa.

Kuhusu mwinuko wa uso wa ardhi, usichukue wa kwenye simu. Kimo cha GPS hupimwa kutoka umbo la hesabu, si kutoka usawa wa bahari, na hapa kwetu tofauti inazidi mita 10, mbali na makosa ya simu yenyewe. Chukua mwinuko wa visima vyote kutoka chanzo kimoja. Data ya SRTM, iliyopimwa kwa rada kutoka chombo cha angani mwezi Februari 2000, inapatikana bure kwa hatua ya mita 30. Si sahihi kabisa, lakini kosa lake kwa kisima hiki na kile linafanana, na hilo ndilo unalolihitaji. Jihadharini tu mkiwa pembeni mwa Masinga: ile sehemu bapa ni uso wa maji ya bwawa, bonde lenyewe limefunikwa.

Mwinamo wa tabaka. GemPy inataka upande ambao tabaka linainamia. Wanajiolojia wengi na ramani nyingi huandika mwelekeo wa mstari unaokatiza mwinamo huo. Tofauti ni nyuzi 90, na modeli inalala ubavu bila kukuonya.

Sasa kosa kubwa kuliko yote, na hapa nawagombeza wenzangu watengeneza programu. Tunapenda matabaka kwa sababu programu zinapenda matabaka. Lakini Kivaa si keki. Iko juu ya miamba ya kale ya Ukanda wa Msumbiji, naisi zilizopikwa, zikakunjwa na kukunjwa tena mamia ya mamilioni ya miaka iliyopita. Maji hapo hayalali katika tabaka. Yako katika mwamba uliooza juu, na katika nyufa chini yake. Chini ya mwamba uliooza kunaweza kuwa mita 40 hapa na mita 15 mwendo wa dakika mbili kutoka hapo, kutegemea ufa ulipita wapi. Kwa hiyo usichore matabaka matano. Chora uso mmoja tu, sakafu ya mwamba uliooza, na usiuruhusu ujue chochote mbali na visima vyako. Nyufa zichore kando, kutokana na picha za setilaiti na vipimo vya umeme ardhini, na uziite kwa jina lake: dhana.

Halafu jaribu hili, halihitaji utaalamu. Ondoa kisima kimoja kwenye data. Endesha modeli. Iulize mwamba mgumu unaanza wapi pale kisima kilipokuwa, ulinganishe na rekodi. Kirudishe, ondoa kingine, hadi viishe. Ni mistari kumi ya Python. Nilifanya hivyo baada ya kuchelewa, na modeli yangu nzuri ilikosea kwa zaidi ya mita 25 katika visima sita kati ya 11. Ningelijua hilo kabla ya mtambo kufika, ng'ombe wangekuwa zizini.

Visima vikavu viingizwe pia. Katika zile rekodi 11 zangu zote zilikuwa za visima vyenye maji, kwa sababu ndivyo watu huhifadhi karatasi zake. Kisima kikavu karatasi yake hufungiwa maandazi. Modeli iliyolishwa ushindi mtupu itaona maji kila mahali.

Mtu atasema hayo ni makosa ya wanafunzi, wakubwa wana vyombo bora. Septemba 2013 serikali ya Kenya na UNESCO walitangaza Nairobi kwamba maji mengi yamegunduliwa chini ya Turkana. Bonde la Lotikipi peke yake lilikadiriwa kuwa na mita za ujazo zaidi ya bilioni 200. Setilaiti, rada, ramani za jiolojia, kila kitu kilitumika, na visima vya majaribio vilikuta maji kweli. Dunia nzima iliandika habari hiyo. Uchimbaji wa baadaye ukaonyesha kwamba maji ya Lotikipi yana chumvi nyingi mno, hayanyweki yalivyo. Modeli ya wingi haikuwa imeonja. Sisemi walidanganya, nasema tangazo lilitangulia ndoo.

Kwa hiyo yule mama jirani nilimwambia asilipe. Si kwamba nina hakika hakuna maji hapo. Huenda yapo. Nilimwambia alipe siku watakapomwonyesha pointi za visima juu ya picha, kikavu kwa chenye maji, na picha ileile ikiwa imechorwa mara mia, kila mara pointi zimesogezwa kidogo kulingana na makosa ya vipimo. Mahali ambapo michoro mia inakubaliana, aweke pesa. Inapotawanyika, aweke shaka. GemPy inaweza kufanya hivyo usiku mmoja kwenye laptopu ya kawaida, kwa hiyo wasimwambie ni ghali.

Na rekodi zenyewe? Katiba ya 2010, kifungu cha 35, inampa raia haki ya habari iliyo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 ikaeleza njia. Kisima kikichimbwa, kina chake, mwamba wake na maji yake viandikwe kwenye faili ambayo kijana yeyote anaweza kuipakua, si karatasi ya kubembelezea katika ofisi mbili. Tuna watengeneza programu wa kutosha nchi hii kufanya kazi hiyo kwa wiki chache.

Mimi nimeanza na ninachoweza. Faili yangu sasa ina mistari 12, koordineti zimesahihishwa, na mstari wa 12 ni shimo letu: mita 140, mwamba mgumu kuanzia 18, kavu. Kama una rekodi ya kisima cha Kivaa, Ekalakala, Ndithini au Muthesya, niandikie, nami nitakutumia faili yote. Vikavu navitaka zaidi.