UCHAMBUZI: Kadenge angali na mpira Silanga

VIJANA wanaosakata kandanda mtaani Silanga, Kibera, hawakumwona Joe Kadenge uwanjani. Nguli huyo aling'aa miaka ya 1960, akiichezea timu ya taifa na Abaluhya United, ambayo sasa ni AFC Leopards. Hata hivyo, jina lake likitajwa, jibu ni lile lile: "Kadenge na mpira!" Kumbukumbu hiyo wameirithi kwa wazee wao, walioipata redioni kwa sauti ya Leonard Mambo Mbotela, aliyeaga dunia mwaka 2025.

Mwaka 2002 Kadenge alikuwa kocha wa Harambee Stars, lakini mashabiki (na sidhani wamekosea) humkumbuka zaidi kwa chenga kuliko kwa mbinu za ukufunzi.

Mapenzi hayo hayakumlisha. Enzi zake kandanda ilikuwa ya ridhaa, na baadaye ilimbidi aendeshe teksi jijini Nairobi ili kujikimu. Alipofariki Julai 2019, viongozi walimmiminia sifa, kisha uwanja wa City ukapewa jina lake. Ni heshima anayostahili, ila ilimfikia akiwa kaburini.

Wenzake waliosalia ni wazee sasa. Nani atalipia matibabu yao ni swali ambalo Wizara ya Michezo yafaa ilijibu wangali hai.