Digrii ya Githeri: Mbona Yuniti Zako za Campo Zinakufa Ukihepa?

Saa kumi na moja na nusu asubuhi, Outering bado ina giza na stage ya Taj imeshajaa. Kuna wale wanangoja mat, kuna wale wameunga mguu hadi Industrial Area kwa sababu nauli ya asubuhi ndiyo doh ya lunch. Sasa zungumzia hao watu. Uliza kumi tu kama kuna mwenye alishawahi kukanyaga campo, na hutakosa wawili watatu wakwambie, "Mimi nilifika second year." Halafu wanacheka kidogo na kubadilisha story.

Cheki hii: Taj Mall ilibomolewa 2018. Jengo halipo, lakini jina bado linafanya kazi, ukimwambia konda "Taj" anakushukisha mahali panapofaa. Lakini zile semesta tatu ulizosoma na kulipia na kukesha nazo? Hazikushukishi popote. Ukizitaja kwa interview ni kama hujasema kitu.

Wacha nikupe mfano wa msee ambaye unamjua, hata kama mimi sijakutana naye. Alimaliza high school na C+ ya jasho, akaitwa campo kusomea uchumi na takwimu. Mwaka wa pili mathe akaugua, fee ikakwama, akarudi keja ya ndugu yake hapa Pipeline, ghorofa ya sita bila lifti. Akapata kibarua kwa godown. Baadaye akafanya kozi ya stima kwa TVET. Siku hizi anarekebisha simu jioni, na wikendi anashikia mwenye hardware vitabu vya hesabu. Huyo jamaa anajua takwimu, anajua stima, anajua biashara. Ukiweka hizo tatu kwa sufuria moja, hiyo ni digrii ya mtu wa kuendesha kampuni ndogo ya sola. Lakini kwa makaratasi ya Kenya, ana KCSE, cheti cha stima, na deni la HELB.

Hapo kwa HELB ndipo panauma zaidi. Ukiacha masomo katikati, mkopo haukatiki katikati. Shilingi ulizokopa kusoma hizo semesta zinahesabiwa zote, na faini juu. Yaani serikali hiyohiyo inakumbuka deni la yuniti zako, lakini haikumbuki yuniti zenyewe.

Kwa hivyo swali la leo ni hili: mbona digrii Kenya ni kama suti ya kushonewa, ukikosa mguu mmoja wa suruali basi yote inatupwa? Mbona mtu asijenge digrii kipande kwa kipande, masomo tofauti, mahali tofauti, miaka tofauti, na vyote vihesabiwe?

Usidhani ni ndoto ya mtu wa Twitter. Sheria iko. Mwaka 2014 Bunge lilipitisha Sheria ya Kenya National Qualifications Framework, ikazaa mamlaka inayoitwa KNQA. Kazi yake ni kupanga elimu yote ya nchi kwa ngazi 10, diploma ikiwa ya 6, digrii ya kwanza 7, na PhD huko juu 10. Na sheria inataka mtu aweze kupanda hizo ngazi kwa kukusanya alama za masomo na kuhama nazo. Kuna hata mpango wa kutambua ujuzi ulioupata bila darasa, wanauita RPL. Fundi aliyejifunza jua kali anaweza kupimwa na kupewa cheti. Kwa karatasi, Kenya iko fiti sana.

Shida ni mlangoni mwa chuo. Soma kanuni za vyuo vyetu vikuu kuhusu kuhamisha yuniti na utapata mambo mawili. Moja, kuna kikomo, na vyuo kadhaa vimeandika asilimia 49, yaani lazima zaidi ya nusu usome kwao. Hiyo sina noma nayo sana, chuo hakiwezi kuweka muhuri wake kwa kitu ambacho hakijafunza. La pili ndilo linaua: yuniti zinahamishwa ikiwa kozi uliyotoka "inafanana" na unayoingia. Neno dogo, lakini limebeba lori. Kama ulikuwa unasomea uchumi na sasa unataka IT, takwimu yako labda itapita kama mkuu wa idara ameamka vizuri. Zile zingine zote, kwaheri.

Na usisahau doh. Chuo kinachokusamehe yuniti kumi kimejinyima karo ya yuniti kumi. Vyuo vikuu vya umma vimezama kwa madeni ya mabilioni, kila mtu anajua. Ukiwa wewe ndiye unashika hiyo ofisi, na mlango unabishwa na msee wa Pipeline na transkripti iliyokunjwa mara nne, utakuwa na haraka ya kumpunguzia? Sijasema ni watu wabaya. Nasema mfumo unamlipa mtu akikataa.

Kinachochekesha ni kwamba hii mchanganyiko si kitu kigeni kwetu. Kati ya 1963 na 1970 kulikuwa na chuo kikuu kimoja cha Afrika Mashariki nzima: Makerere, Nairobi na Dar zilikuwa matawi yake. Ukitaka sheria unaenda Dar, uhandisi unakuja Nairobi, udaktari unaenda Makerere. Na wengi waliosoma BA za zamani watakwambia walianza mwaka wa kwanza na masomo matatu kabla ya kuchuja. Hata historia, uchumi na fasihi kwa mtu mmoja ilikuwa kawaida. Ilikuwa digrii ya githeri, na hakuna aliyeuliza kama mahindi yanafanana na maharagwe.

Waingereza wao walienda mbali zaidi. Open University yao ilianza kufundisha 1971, masomo mengine yakipitia TV na redio ya BBC saa ambazo watu wa kazi wako nyumbani. Hawakuuliza cheti cha high school. Na hadi leo wana kitu kinaitwa digrii huria: unachagua moduli za hesabu, za saikolojia, za muziki, unavyotaka. Lakini sikiliza vile wameifunga, maana hapa ndipo akili iko. Digrii nzima ni krediti 360, na lazima 120 ziwe za ngazi ya kwanza, 120 za pili, 120 za tatu. Huwezi kuokota vitu vya mwaka wa kwanza tu, intro hapa, intro pale, halafu udai digrii. Upana unachagua wewe, kina wamekulazimisha. Na ukifika 120 maisha yakikushika, unatoka na cheti. Ukifika 240, diploma. Hakuna anayetoka mikono mitupu.

Tanzania walishika hiyo njia ya masomo ya mbali mapema kutuliko. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa sheria ya 1992, kikiwa na vituo mikoani. Sisi tumengoja hadi Agosti 2023 ndipo Open University of Kenya ikapata hati yake, makao yake yakiwa Konza. Kozi zake ni za siku hizi: sayansi ya data, usalama wa mitandao, biashara na ujasiriamali. Unasoma mtandaoni, unaweza kukaa Pipeline na usilipe hata nauli ya kwenda tao. Hiyo ni hatua, na mwenye ataidharau hajawahi kulipa rent ya hosteli.

Ila tusichanganye vitu viwili. Kusomea kwa simu ni kubadilisha mahali unaposomea. Digrii nyumbufu ni kubadilisha kinachohesabiwa. Ukisajiliwa kwa digrii yenye jina moja, ukachoka na data ukataka biashara, kuwa mtandaoni hakukusaidii kama yuniti haziwezi kuvuka ukuta. Na hiyo ya simu pia ina mambo yake mtaani. Stima ikipotea block nzima na bundles zimeisha, darasa lako limefungwa, hata kama liko Konza.

Wenye wameshika hii kitu mapema, amini usiamini, ni TVET. Kuanzia 2025 vyuo vya ufundi vilianza kuhamia mtaala wa moduli. Unamaliza moduli, unapimwa, unapata cheti cha hiyo sehemu, unaenda kuchapa kazi, unarudi ukipata doh. Yule tuliyezoea kumwambia "ulienda tu poly" sasa ana karatasi kwa kila alichosoma, na wewe wa campo uliyehepa second year huna kitu. Na kumbuka kwa KCSE ya 2024 waliopata C+ kwenda juu walikuwa 246,391, karibu robo tu ya wote. Robo tatu nyingine njia yao ni huko. Kama daraja la kutoka huko hadi digrii litabaki la kamba, basi tumejengea watoto wengi ngazi inayoishia hewani.

Sasa, kuna upande mwingine, na ukweli usemwe. Si kila kitu kinafaa kuwa githeri. Sitaki daktari aliyechukua nusu ya anatomia na nusu ya kupiga picha. TSC inataka mwalimu wa sekondari awe na masomo mawili ya kufundisha aliyoyasoma kisawasawa, na wahandisi na mawakili wana bodi zao. Na HR wa Nairobi, mwenye ana CV mia tano kwa meza, akiona "Digrii Huria" anaweza kuitupa kabla hajasoma ndani. Hiyo hofu ni halali. Watu wanalipia jina.

Ndiyo maana mimi, ningepewa kalamu, ningeanza na jina. Digrii iandikwe kwa karatasi masomo yake mawili makubwa, mfano takwimu na nishati, ili mwajiri asibahatishe. Theluthi moja ya digrii iwe uti wa mgongo, kitu kimoja ulichokisoma hadi mwaka wa mwisho na huwezi kukikwepa. Zingine chagua, na yuniti za TVET zihesabiwe, na RPL ikupe hata kidogo kwa ile miaka ya jua kali. Malipo yawe kwa yuniti, si kwa mwaka, maana mtu wa kibarua hana mshahara wa mwaka. Halafu mwisho, mradi mmoja wa kweli unaounganisha vipande. Mtu wa stima na takwimu apime ni kwa nini transfoma za mtaa wake zinalipuka kila Desemba, kwa mfano. Hapo utajua kama amechanganya au amerundika.

Na rekodi isikae kwa kabati ya idara moja. Ikae kwa KNQA, kwa jina lako, kama vile deni lako linakaa HELB kwa jina lako.

Wakati wa kupanga haya ni sasa, na kuna saa inahesabu. Januari 2026 kundi la kwanza la CBC liliingia Grade 10, kila mtoto akiwa amechagua njia moja kati ya tatu: STEM, sayansi za jamii, au sanaa na michezo. Wana miaka kumi na mitano hivi. Wataingia campo 2029. Manze, wewe ukiwa na miaka kumi na mitano ulitaka kuwa nini? Kama digrii watakazozikuta bado ni za ukuta kwa ukuta, basi chaguo la mtoto wa darasa la tisa ndilo litakuwa hukumu yake.

Wakati tunangoja wakubwa waamue, kama uko campo na unaona mambo yanakaza, usihepe kimya. Andika barua ya kuahirisha masomo na uhakikishe imepigwa muhuri, kwa sababu aliyeahirisha anarudi na yuniti zake na aliyetoroka anafutwa. Itisha transkripti ya kila mwaka uliomaliza, pamoja na maelezo ya kila yuniti, ile karatasi inayoonyesha mlifundishwa nini na kwa masaa mangapi. Chuo kingine kikikubali kukuhesabia, hiyo ndiyo wataitisha kwanza. Piga picha, jitumie kwa email, na kopi moja achia mathe ushago. Keja za Pipeline na mvua ya Aprili unazijua.