Basari zipo, lakini zafika mlango umeshafungwa

Kila matokeo ya KCSE yakitoka, ofisi ya chifu kwetu Likoni hujaa wazazi. Kisauni ni hivyo hivyo, na Changamwe pia. Swali lao ni moja: basari inatoka lini? Mimi naona tunaanza na swali la mwisho. La kwanza ni hili: msaada gani upo, na unafika siku gani?

Tupige hesabu. Kwa miaka kadhaa karo ya chuo cha kiufundi cha serikali ilikuwa shilingi 56,420 kwa mwaka. Serikali ililipa 30,000, mwanafunzi akabaki na 26,420. Aliyepewa mkopo wa HELB wa 40,000 alilipiwa sehemu hiyo chuoni, na 13,580 zikabaki za kujikimu. Mfumo uliotangazwa na Rais Ruto Mei 2023 ulibadilisha mambo. Karo ikapanda hadi 67,189, na ile 30,000 ya kila mtu ikaondoka. Sasa kijana huomba ufadhili na mkopo mtandaoni, hupimwa uwezo wa kwao, na familia huachiwa sehemu yake.

Ufadhili haurudishwi, mkopo hurudishwa. Lakini ufadhili ni wa waliopangiwa chuo cha umma na KUCCPS. Vijana wengi wa huku hudhani KUCCPS ni ya wanaokwenda chuo kikuu, wakaenda wenyewe kujiandikisha chuoni. Hata mwenye E ana kozi ya ufundi huko. Asiyepitia KUCCPS ameacha pesa mezani.

Basari ni jambo jingine. Kuna ya NG-CDF katika eneo bunge, na kuna Elimu Fund ya kaunti. Zote mbili zimeingia kwenye mvutano. Septemba 2024 Mahakama Kuu ilisema sheria ya NG-CDF inakiuka katiba, ikaipa mwisho wa 30 Juni 2026. Januari 2025 Mdhibiti wa Bajeti, Margaret Nyakang'o, akaziandikia kaunti kuhusu basari zilizo nje ya majukumu yao, na magavana wakakimbilia kortini. Katiba imewapa kaunti chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Chuo kama Kenya Coast National Polytechnic kiko chini ya serikali kuu. Sitaki kuamua nani ana haki. Nasema tu kwamba mzazi anayetegemea basari peke yake ameegemea ukuta wenye kesi.

Halafu kuna suala la wakati. Chuo kinataka karo siku ya kuripoti. Basari inasubiri pesa za Hazina, kisha kamati ikae, kisha hundi ziandikwe. Kijana anazuiwa kufanya mtihani kwa deni la elfu nane, hundi ya elfu tano inafika muhula umeisha. Anashika bodaboda, anasema atarudi mwakani. Wangapi tumewaona wakirudi?

Kwetu Waislamu kuna na hili la riba. Mkopo wa HELB unatozwa asilimia 4 kwa mwaka, na ninamheshimu mzazi anayeukataa kwa ajili ya dini yake. Ila tunapomwambia kijana asichukue, ni wajibu wetu kumwonyesha achukue nini. Kumwambia ni haramu kisha kumwacha maskani hakujamsaidia, si kwa dunia wala kwa akhera.

Wazee wetu walilijua hili. Taasisi ya Elimu ya Kiislamu ya Mombasa, iliyopokea wanafunzi wa kwanza mwaka 1951, ilijengwa kwa michango ya Sultani wa Zanzibar, Aga Khan na Mabohora, pamoja na fedha za serikali ya kikoloni. Leo ndiyo Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Waliona kijana wa Pwani anakosa ufundi, wakatoa mali zao.

Sisi hatuna mali ya sultani, lakini tuna Ijumaa. Waumini 200 wakitoa shilingi 50 kila Ijumaa, msikiti unapata 10,000 kwa wiki, yaani 40,000 kwa mwezi. Kamati iweke fungu la karo, ilipe chuoni moja kwa moja wiki ya kwanza ya muhula, na ibandike hesabu ukutani watu wasome. Tena masikini na wenye madeni wametajwa katika mafungu manane ya zaka, Sura Tawba aya ya 60. Fungu hili lizibe ile sehemu ya familia na ule muda wa kungoja hundi. Basari ikifika, ipunguze karo ya muhula unaofuata.

Na wewe mzazi, anza na KUCCPS. Kisha omba ufadhili mtandaoni, na kuhusu mkopo muulize shekhe unayemwamini kabla ya tarehe kupita. Hakikisha kijana aliyefika miaka 18 ana kitambulisho chake. Fomu ya basari ijaze pia, lakini iwe ya mwisho.